Kabla ya kuongeza miaka, mpeni afisa nauli ya kivuko

Mjadala wa mageuzi ya haki jinai ukifika huku Kanda ya Ziwa, sauti zinazosikika ni zilezile: ongezeni miaka, jengeni magereza. Inanikera sana, kwa sababu sheria ambayo ingetufaa zaidi tunayo tangu 2002. Nasema Sheria ya Huduma kwa Jamii. Kosa likiwa na kifungo kisichozidi miaka 3, au hakimu akiona kwamba miaka 3 au pungufu inatosha, mkosaji anaweza kutumikia nje. Anafanya kazi ya umma bila malipo, jioni analala kwake.

Sasa tazameni inakwama wapi. Chukua kijana aliyekamatwa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na nyavu za dagaa zenye macho chini ya kipimo. Nyavu ni za tajiri, mtumbwi ni wa tajiri. Yeye kazi yake ni kuvuta kamba. Hakimu anayetaka kumpa kifungo cha nje anahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Kwa hiyo afisa probesheni, yule anayewachunguza na kuwafuatilia wanaotumikia nje, atoke Nansio, aende Bugolora, avuke na kivuko hadi Bwisya, kisha aitafute kambi ya wavuvi. Aongee na ndugu, mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni. Anatafuta majibu ya maswali machache: huyu anaishi wapi, nani anamtegemea, amewahi kufungwa, nani atamsimamia kila siku?

Nauli isipokuwepo, taarifa haiandikwi. Hakimu hawezi kumweka mtu mahabusu akisubiri karatasi ambayo haijulikani itafika lini, basi anatoa faini au jela, na kijana asiye na faini anakwenda jela. Miezi 6, ukitoa theluthi ya msamaha, ni miezi 4 ya kula na kulindwa kwa kodi zetu. Akitoka, nafasi yake kwenye mtumbwi imeshachukuliwa na nyavu haramu bado ziko majini.

Hata afisa akifika, taarifa nyingi zinaangukia pale pa makazi. Wavuvi wa dagaa huhama kambi, na mtu asiye na mlango wa kugongwa anaonekana atatoroka. Hapa ndipo muswada wowote mpya unapaswa kugusa. Amri ya mahakama itaje mwalo, yaani ufukwe mitumbwi inapotia nanga, badala ya nyumba, na msimamizi awe ofisa mtendaji wa kijiji akisaidiwa na BMU, mwenye daftari la kusaini siku, saa na kazi iliyofanyika. Ratiba nayo ifuate mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa siku za giza, zisizo na mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa nchi kavu na vijana wanashinda mwaloni. Siku hizo ndizo za kung'oa magugumaji, kuchimba choo cha mwalo, kufyeka uwanja wa zahanati. Ukimpangia kazi ya asubuhi siku za giza, ametoka ziwani alfajiri hajalala, atakosa siku mbili, atarudishwa mahakamani na kufungwa. Kila mtu atasema adhabu mbadala haifanyi kazi, kumbe ni ratiba.

Nakubali, si kila mtu wa kuachwa nje. Wanaowavamia wavuvi usiku kwa silaha na kung'oa injini wanastahili ile miaka 30 ya unyang'anyi wa kutumia silaha, na sitamtetea hata mmoja. Lakini gereza la Butimba, Mwanza, linapojazwa watu wa miezi minne minne, askari wa magereza anawalinda wote kwa macho yaleyale mawili.

Upelelezi kukamilika kabla ya kesi kwenda mahakamani, kwa makosa yasiyo makubwa, kumeshawekwa kwenye sheria tangu 2022, kusimamiwe tu. Parole, yaani mfungwa kumalizia kifungo nje kwa masharti, ipo tangu 1994, nayo ifufuliwe.

Tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, na mapendekezo hayakukosekana. Linalokosekana ni fungu la bajeti lenye jina la kazi hii: mafuta ya pikipiki, tiketi ya kivuko, posho ya kulala usiku mmoja kisiwani. Wabunge wetu wa visiwani mnaivuka njia hiyo wenyewe. Muswada ukija, ulizeni fungu hilo liko ukurasa gani.