Kusaini fomu hakufuti uzembe kwenye upasuaji wa goita

Mgonjwa aliyetolewa goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, akizinduka sauti imekauka, ndugu husema daktari kakata mshipa. Hospitali nayo hujibu kwamba athari hiyo inajulikana na mgonjwa aliisainia kwenye fomu ya ridhaa. Wote wawili wanaruka swali la msingi la kesi: ni hatua gani ilipaswa kuchukuliwa, haikuchukuliwa, na ikaleta madhara gani?

Daktari ana hoja nzito. Neva ya sauti, yaani mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, inapita nyuma ya tezi hiyo, iitwayo thairoidi, ina unene wa kama milimita 2, na goita kubwa huisukuma nje ya njia yake ya kawaida. Kuvutwa tu, au joto la kifaa cha kuzuia damu, kunatosha kuilemaza bila kuguswa na kisu. Hata mbele ya bingwa, mgonjwa 1 au 2 kati ya 100 hubaki na ulemavu wa kudumu wa neva hiyo. Kipimo cha kesi ya Bolam ya Uingereza, 1957, kinachouliza kama madaktari wenzake wenye ujuzi wangekubali alichofanya, na ambacho mahakama za Kenya na Tanzania nazo hukirejea, hakimbebeshi daktari lawama kwa sababu tu matokeo ni mabaya. Ripoti ya upasuaji ikionyesha kwamba neva ilitafutwa, ikaonekana na ikafuatwa hadi inapoingia kwenye zoloto (kisanduku cha sauti), mdai ana mlima wa kupanda.

Hoja hiyo lakini inahusu kisu. Haigusi yanayotokea wodini, na huko ndiko wagonjwa wengi wanakoonewa.

Chukua kalsiamu. Nyuma ya thairoidi kuna vitezi vinne vya paratairoidi, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Tezi yote ikitolewa, vitezi hivyo vinaweza kukosa damu au kuondolewa pamoja na tezi. Homoni yao huisha mwilini ndani ya dakika chache, ila kalsiamu hushuka polepole na kufika chini kabisa siku ya pili hadi ya nne. Mgonjwa akiruhusiwa asubuhi baada ya upasuaji bila kupimwa, anaporomokea nyumbani. Midomo na ncha za vidole hufa ganzi, mikono hukakamaa, kisha degedege. Akirudishwa bila mtu kuuliza kuhusu kovu la shingoni, hutibiwa kifafa, wakati anachohitaji ni mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, kwa mshipa, taratibu kwa dakika 10 huku moyo ukiangaliwa.

Hapo fomu ya ridhaa haisaidii. Mgonjwa alikubali hatari ya vitezi kuumia. Hakukubali kuachwa bila kipimo cha damu, bila vidonge vya kalsiamu, bila kuambiwa dalili za kumrudisha hospitali. Kupoteza vitezi kunaweza kusiwe kosa la mtu, na degedege ya siku ya tatu ikawa uzembe mtupu. Wakili anayeyachanganya mawili haya hupoteza kesi nzuri.

Damu kuvuja shingoni ni hivyo hivyo. Hutokea mara chache, zaidi katika saa 24 za kwanza, lakini shingo ikivimba na pumzi ikibana, nyuzi za mshono zinafunguliwa palepale kitandani. Kusubiri chumba cha upasuaji kiandaliwe kunaua.

Ridhaa yenyewe nayo ina masharti. Tangu hukumu ya Montgomery, 2015, daktari wa Uingereza anatakiwa kueleza hatari ambayo mgonjwa huyu angeijali. Kwa mwalimu au muadhini, sauti ni riziki.

Ushahidi uko kwenye faili: nyuzi za sauti ziliangaliwa kabla ya upasuaji? Kalsiamu ilipimwa saa ngapi? Madaktari husubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kusema sauti haitarudi, na Tanzania madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Nakala ya faili iombwe wakati huo wa kusubiri.