Meza ya Dean Martin na Wasioalikwa

Kuanzia mwaka 1973 hadi 1984, televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha karamu ambazo mpaka leo watu wanazitafuta YouTube na kucheka mpaka machozi. Mtu maarufu anaketishwa kwenye meza ndefu, wenzake wamejipanga kulia na kushoto, na mmoja baada ya mwingine wanasimama kwenye kipaza sauti kumsema: uzee wake, ndoa zake, ubahili wake, filamu zake zilizobuma. Yeye kazi yake ni kucheka. Mwisho anasimama na kuwalipa wote deni lao. Mchezo huu ndio rosti, na aliyeufikisha sebuleni kwa kila Mmarekani ni mwimbaji Dean Martin.

Watu wanaozijadili karamu zile wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema kwamba zamani watu walijua kutaniana, ila siku hizi kila mtu ananuna. Wapo wanaosema kwamba ule ulikuwa ubaguzi na udhalilishaji uliovalishwa suti na tai. Mimi nazipenda, nimezitazama nyingi, na naona pande zote mbili zinamkazia macho mtaniwa peke yake: je, alikubali? Je, alicheka kweli? Kuna watu wengine ambao utani uliwagusa na hawakupewa kiti wala kipaza sauti. Hesabu yao ndiyo inayonisumbua.

Rosti haikuzaliwa kwenye televisheni. Friars Club, chama cha wasanii wa New York kilichoanzishwa mwaka 1904, kilikuwa na desturi ya kumkalisha mwenzao na kumsema usiku mzima, kwa matusi ya nguoni, wanaume watupu, milango imefungwa. Kauli yao ilikuwa kwamba wanamchoma wanayempenda tu. Ila mlango ule ulifungwa kwelikweli. Mwaka 1983 mchekeshaji Phyllis Diller, aliyekuwa na jina kubwa tayari, alilazimika kuvaa suti na kujifanya mwanamume ili ahudhurie karamu ya mchekeshaji mwenzake Sid Caesar. Wanawake walianza kupokewa uanachama mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kipindi cha Dean Martin kilipoanza Septemba 1965 hakikuwa na rosti. Kilikuwa cha burudani mchanganyiko, aina iliyojengwa na Ed Sullivan pale CBS tangu mwaka 1948: usiku mmoja familia nzima inaona mwimbaji wa opera, wanyama wa sarakasi, mchekeshaji, halafu Beatles. Waingereza hao wanne walipopanda jukwaa la Sullivan tarehe 9 Februari 1964, Wamarekani wapatao milioni 73 walikuwa mbele ya televisheni. Martin alileta ladha yake, ya mtu asiye na haraka. Alijulikana kwa kutofanya mazoezi. Alifika siku ya kurekodi, akasoma maandishi yaliyoshikwa kando ya kamera, na akikosea anacheka, na watazamaji wanacheka naye.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 vipindi vya namna hiyo vilikuwa vinazeeka. Sullivan aliondolewa hewani mwaka 1971. Mwaka 1973, katika msimu wa mwisho wa kipindi cha Martin, mtayarishaji wake Greg Garrison aliingiza rosti ya kila wiki, na wa kwanza kuketishwa alikuwa Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California. Kipindi kilikufa mwaka uliofuata, rosti ikabaki kama kipindi maalumu, nyingi zikirekodiwa hotelini MGM Grand, Las Vegas. Zilipita 50.

Televisheni ilifanya jambo jema hapa, na wakosoaji hawalitaji. Kwa kuwa kipindi kilikuwa cha familia, matusi ya Friars Club yalifyekwa, na matusi yalipoondoka, kisingizio cha kuwafungia wanawake nje kikaondoka nayo. Phyllis Diller alisimama mezani kwa Martin kwa uso wake mwenyewe, miaka mingi kabla ya ile suti ya kujificha. Waigizaji Bette Davis na Lucille Ball waliketi kwenye kiti cha mtaniwa. Wachekeshaji Weusi nao walikuwepo: Nipsey Russell na mashairi yake mafupi, Redd Foxx, LaWanda Page mwenye ulimi wa wembe. Kulipima hilo, kumbuka kwamba NBC hiyohiyo ilimpa Nat King Cole kipindi mwaka 1956 na mwaka uliofuata akakiacha, kwa sababu hakuna mdhamini wa kitaifa aliyetaka bidhaa yake ionekane pembeni ya mwanamume Mweusi. Miaka kumi na saba baadaye mtu Mweusi anasimama mbele ya nchi nzima na kumwambia nyota Mzungu kwamba kipaji kimemwisha, na Mzungu yule anacheka. Hilo halikuwa dogo.

Wanasiasa nao waliketishwa. Baada ya Reagan wa Republican alikuja Hubert Humphrey wa Democratic, aliyekuwa makamu wa rais. Ralph Nader, aliyeyatikisa makampuni ya magari kwa ajili ya usalama wa abiria, alipata zamu yake pia. Mkubwa akikubali kuchekwa ubahili wake na majivuno yake mbele ya wapiga kura, anakuwa ameshuka ngazi moja, japo kwa saa moja.

Sasa tufike kwa Sammy Davis Jr., ambaye bila yeye mjadala huu ungekuwa rahisi. Alikuwa mwimbaji, mcheza ngoma, mwigizaji. Kipaji chake kiliwazidi karibu wote aliopanda nao jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye, Martin na Frank Sinatra walipokuwa wakitumbuiza Las Vegas, Martin alikuwa na mchezo mmoja maarufu: anambeba Sammy mikononi kama mtoto na kuishukuru NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kwa kumpa tuzo hii. Ukumbi unalipuka. Sammy anacheka kuliko wote. Mwaka 1975 alipoketishwa kwenye rosti ya Martin, alicheka vivyo hivyo, akijikunja, akipiga meza.

Mtetezi atasema: walikuwa ndugu. Na ana ushahidi. Januari 1961 Sammy aliondolewa kwenye sherehe za kuapishwa kwa John F. Kennedy kwa sababu alikuwa amemwoa May Britt, mwigizaji Mzungu kutoka Sweden, na watu wa Kennedy waliogopa hasira za Wazungu wa majimbo ya Kusini. Martin hakwenda kwenye sherehe zile, na binti yake Deana amesema kwamba baba alikataa kwa ajili ya rafiki yake. Mtu anayekutania jukwaani na kuikosa karamu ya rais kwa sababu yako huwezi kumweka kapu moja na mbaguzi wa kawaida. Naukubali ushahidi huo.

Ila huyu Sammy, miaka michache kabla, alikuwa akitumbuiza kwenye hoteli za Las Vegas ambazo hazikumruhusu kulala. Akimaliza kuimba anatoka kwenda kutafuta chumba upande wa Weusi. Mtu aliyepita njia hiyo alikuwa na uwezo gani wa kusema, utani huu leo sitaki? Nat King Cole alikuwa na heshima zote na kipindi kikafa. Kwa Sammy, kicheko kilikuwa sehemu ya nauli. Penzi la Martin linaweza kuwa la kweli kabisa na bado kicheko cha Sammy kisiwe kibali. Na mtoto Mweusi aliyekuwa akitazama nyumbani Alabama au Detroit alijifunza kwamba hata ukifika kileleni kama Sammy, rangi yako itabaki kuwa kichekesho cha kwanza.

Kuna la ufundi pia. Garrison alikuwa bingwa wa kukata na kuunganisha picha. Baadhi ya watani walirekodiwa wakati wengine hawapo, kisha nyuso zinazocheka zikapachikwa mahali panapofaa. Kwa hiyo unapomwona fulani akiangua kicheko baada ya utani mkali, inawezekana alikuwa akichekea jambo jingine kabisa. Wanaotumia vicheko vile kama ushahidi kwamba hakuna aliyeumia wanaegemea ushahidi uliotengenezwa chumba cha uhariri.

Utani wa makabila yetu una kitu ambacho meza ile ilikikosa. Mtani akija msibani anaweza kumwigiza marehemu, kuzuia kaburi mpaka apewe chochote, kuwasema wafiwa mpaka wacheke huku wanalia. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayetegemewa kushika jembe na kuchimba, na kesho msiba ukiwa kwake, zamu inageuka. Mnyamwezi na Mzaramo wanajuana kwa kabila zima. Hakuna anayesemwa bila watu wake kuwa na haki ya kujibu. Dean Martin alimpa Sammy dakika chache za kujibu mwishoni. Watu wa Sammy hawakupewa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa bondia Muhammad Ali. Februari 1976 aliketi kwa Martin na kuchekwa majivuno yake, akafurahia. Ni haki yake. Tulimjua tangu pambano la Kinshasa mwaka 1974 kwamba ulimi wake ni ngumi ya tatu. Lakini miezi minne tu kabla, Oktoba 1975, alikuwa Manila kupigana na Joe Frazier, na kabla ya pambano alizunguka na kisanamu cha sokwe mbele ya waandishi wa habari, akimwita Frazier sokwe kwa mashairi ya vina. Waandishi walicheka. Frazier hakucheka. Huyu ndiye aliyemsaidia Ali kwa fedha na kumtetea arudishiwe leseni alipofungiwa kwa kukataa kwenda Vietnam. Alilibeba jina lile miaka na miaka. Watoto wake walilisikia. Ali aliomba radhi hadharani mwaka 2001. Nikiitazama ile rosti sasa, namwona mtaniwa aliyechagua kiti chake, na nafikiria yule ambaye hakuwahi kuulizwa.

Ridhaa ya mtaniwa, basi, haitoshi, na hili lilionekana wazi Oktoba 1993 pale Friars Club walipomketisha Whoopi Goldberg. Mpenzi wake wa wakati huo, mwigizaji Ted Danson, Mzungu, alijitokeza amejipaka uso rangi nyeusi kama waigizaji wa kizamani waliowakejeli Weusi, na akatoa utani uliojaa tusi la rangi. Goldberg alimtetea, akasema yeye mwenyewe alishiriki kuuandika. Mapenzi yalikuwepo, ridhaa ilikuwepo, mtaniwa alicheka. Hata hivyo mtangazaji Montel Williams aliinuka na kuondoka, na meya wa New York, David Dinkins, alikerwa. Wote wawili ni Weusi, na uso uliopakwa rangi ulikuwa wao pia. Goldberg angeweza kujitolea mwenyewe. Hakuwa na mamlaka ya kuwatoa wao.

Zama za Comedy Central, iliyoanza kuandaa rosti zake yenyewe mwaka 2003, sitazikalia sana. Chaneli hiyo ilirudisha matusi yaliyofyekwa na Martin na kuwaajiri watani wengi ambao hawakumjua mtaniwa. Dalili zilionekana mapema: mwaka 2002, kwenye rosti ya Friars iliyorushwa na chaneli hiyo, mchekeshaji Chevy Chase aliketi akitazama viti visivyo na rafiki zake wa zamani, akisemwa na wageni, na baadaye ameeleza kwamba ilimuumiza. Mwaka 2016 mwandishi wa siasa Ann Coulter alialikwa kwenye rosti ya mwigizaji Rob Lowe na kuishia kuchomwa kuliko Lowe. Watetezi wa Martin wakisema kwamba kwake kulikuwa na ujirani na leo hakuna, hapo wana haki yao kamili.

Tarehe 5 Mei 2024 Netflix ilimketisha Tom Brady, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, mubashara kwa karibu saa tatu, Kevin Hart akiongoza. Utani mwingi ulihusu talaka yake na mwanamitindo Gisele Bündchen. Baadaye Brady alisema alifurahia aliposemwa yeye, lakini hakupenda jinsi mambo yale yalivyowagusa watoto wake, na kwamba hangerudia. Namwamini. Ila usiku ule ule kuna tukio lililoonyesha kwamba kinga iliwezekana. Mchekeshaji Jeff Ross alipomgusia Robert Kraft, mmiliki wa timu iliyompa Brady umaarufu, kwa utani kuhusu kashfa yake ya zamani ya masaji, Brady aliinuka kwenye kiti chake, akamwendea Ross pale pale kwenye kipaza sauti na kumwonya asirudie. Kraft alikuwepo ukumbini, tajiri, mwenye uwezo wa kujisemea, na mtaniwa alivunja kanuni ya mchezo ili amlinde. Mama wa watoto wake alitajwa tena na tena mpaka mwisho wa kipindi, na hakuna aliyesimama.