Dakika za mwandishi, saa za msomaji

Mwenzangu mmoja wa stoo alipokea mzigo ukiwa pungufu boksi 14. Kwenye simu yake aliandika hivi: "Mzigo umekuja pungufu boksi 14. Dereva anasema ndivyo ulivyopakiwa. Nataka wajue kabla sijasaini." Akaipa programu ya akili mnemba ujumbe huo, akaiomba iugeuze kuwa barua rasmi ya Kiingereza kwa msambazaji. Haikupita dakika, barua ikatoka: aya tatu, sarufi safi, shukrani kwa ushirikiano wa muda mrefu, ombi kwamba suala lishughulikiwe mapema iwezekanavyo. Alinionyesha akiwa ameridhika. Nilipoirudia kuisoma nikaona maneno "kabla sijasaini" hayamo, na mahali pake pana sentensi inayothibitisha kwamba mzigo umepokelewa.

Mtu wa stoo anajua maana ya kuthibitisha kupokea. Ukishathibitisha, upungufu umekuwa wako.

Nimeanza na barua hiyo kwa sababu ubishi wote kuhusu kutumia akili mnemba kuandikia kazini umo ndani yake. Iliokoa muda wake, ikamheshimisha, na ilikuwa karibu kumtia hasarani.

Upande wa faida una ushahidi, na tusiudharau. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Shakked Noy na Whitney Zhang wa chuo cha MIT nchini Marekani. Waliwapa wasomi 453 wenye ajira kazi za kuandika zinazofanana na zile wanazozifanya kila siku: taarifa kwa vyombo vya habari, ripoti fupi, barua pepe zinazohitaji uangalifu. Waliopewa ChatGPT, mojawapo ya programu hizi za akili mnemba, walimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 40, na alama za ubora zilizotolewa na wasahihishaji zikapanda kwa asilimia 18. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa dhaifu mwanzoni.

Hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Watu wengi kazini huandika kwa lugha waliyojifunza ukubwani au darasani. Fundi anayeujua mtambo nati kwa nati huonekana hajui kitu kwa sababu ripoti yake ina makosa ya sarufi, huku mwenye Kiingereza chepesi akisikilizwa hata pale asipokuwa na la kusema. Mwenzangu wa stoo, kabla ya programu hizi, alikuwa akimsubiri mtu wa ofisini apate nafasi ya kumwandikia. Barua ya leo ilitoka kesho kutwa, na mara nyingine ikasainiwa na mwingine. Kumwambia mtu kama huyo kwamba anadanganya anapotumia chombo kilichompa sauti yake mwenyewe ni kumwonea.

Wanaolalamika kwamba mashine inaua sauti ya mwandishi nao wakumbuke barua zetu zilivyokuwa. "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." "Nia na madhumuni ya barua hii ni..." Nani aliwahi kuweka moyo wake humo? Sehemu kubwa ya maandishi ya ofisini ilikuwa kiolezo tangu zamani, na sioni kosa mashine ikikijaza kiolezo.

Sasa hasara. Utafiti ule ulipima muda wa anayeandika. Msomaji wa kazini, yule anayepaswa kufanya jambo baada ya kusoma, hakupimiwa saa. Huko ndiko ninakoona gharama ikihamia. Mtu ana neno moja la kusema, anaiomba programu ilipanue, unaletewa ukurasa mzima. Nimepokea muhtasari wa kikao wenye kurasa nne, umepangwa vizuri, na nilipoumaliza sikujua nani alipewa kazi gani wala anatakiwa kuikamilisha lini. Aliyeuandaa aliokoa nusu saa. Sisi wanane tulioupokea tuliilipa hiyo nusu saa mara kadhaa, kwa kusoma na kisha kupigiana simu kuulizana. Na siku hizi wako wanaoupeleka ukurasa uliorefushwa kwenye programu nyingine iwafupishie, na kila unapopita hivyo, kitu kinapotea njiani.

Kinachopotea mara nyingi ndicho chenyewe kilichokusudiwa, na sababu yake iko kwenye namna programu hizi zinavyofanya kazi. Hutabiri neno baada ya neno kutokana na maandishi mengi mno ziliyofunzwa nayo, kwa hiyo huvutwa na yale ambayo huandikwa mara nyingi. Barua za biashara kwa kawaida huthibitisha kwamba mzigo umepokelewa. "Sijasaini" ni nadra. Kwa njia hiyohiyo hutunga jina, tarehe au rejea inayofanana kabisa na ya kweli. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao ya uwakili faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, baada ya kuwasilisha hoja zenye maamuzi ya mahakama ambayo hayakuwahi kutolewa. Mwaka 2025 tawi la Australia la Deloitte, kampuni kubwa ya ukaguzi na ushauri, lilikubali kurudisha sehemu ya malipo ya ripoti iliyoiandalia serikali, baada ya kugundulika kwamba ina rejea za maandiko yasiyokuwapo. Hao wote ni watu wanaolipwa kwa umakini wao.

Kuna maandishi mengine ambayo hata yasipokuwa na kosa, mashine haipaswi kuyagusa. Februari 2023, baada ya wanafunzi kuuawa kwa risasi katika chuo kikuu cha Michigan State nchini Marekani, ofisi moja ya chuo cha Peabody, kilicho ndani ya chuo kikuu kingine cha huko, Vanderbilt, iliwatumia wanafunzi wake ujumbe wa faraja. Chini yake paliandikwa kwamba umeandaliwa kwa msaada wa ChatGPT. Wanafunzi walikasirika, na uongozi ukaomba radhi. Ninawaelewa. Thamani ya pole ni kwamba mtu ameacha shughuli zake, akakufikiria, akatafuta la kusema akalikosa, akasema hivyohivyo. Ndivyo ilivyo kwa barua ya onyo na kwa tathmini ya mfanyakazi. Mtu anayepimwa kazi yake ya mwaka mzima anastahili bosi aliyekaa chini akaikumbuka.

Siri za kazi sina haja ya kuzirefusha: mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia zana hizi baada ya msimbo wa programu za kampuni kupakiwa humo. Majina ya wateja na mishahara ya watu nayo ni hivyohivyo.

Baadhi ya mabosi wameamua kukamata wahalifu kwa vitambuzi vinavyodai kujua kilichoandikwa na mashine. Hapo ninapinga kwa nguvu. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kitambuzi chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford mwaka huohuo walivijaribu vitambuzi saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Yaani wale ambao chombo hiki kingewainua ndio wanaoshukiwa hata wanapoandika kwa mkono wao.

Mimi ningependa kila anayetuma awe tayari kuulizwa juu ya sentensi yoyote iliyomo na kujibu kwa kinywa chake. Akiweza, sijali rasimu ilitoka wapi. Asipoweza, sijali aliiandika kwa jasho kiasi gani.

Mwenzangu hakuitupa programu. Aliiandikia tena: ifupishe, ondoa shukrani, usiseme nimepokea. Ikarudi na mistari sita. Mwenyewe akafuta miwili, akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, akaniuliza neno moja la Kiingereza ambalo hakuwa na hakika nalo. Barua iliyotoka ilikuwa na mistari minne, na "sijasaini" lilikuwa kwenye mstari wa kwanza.