Mfuko wa ndani

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye soko la Kadutu, mteja hanunui nguo kabla ya kupigana nayo. Mimi nauza makoti ya balo, yaani mitumba. Balo unalinunua limefungwa, hujui kilichomo, ni kama kuposa kwa picha. Na kila muuzaji ana kisa cha binamu yake aliyekuta dola 100 katika koti la Ulaya. Mimi mpaka leo nimekuta leso za makamasi tu.

Asubuhi hiyo akaja mama mmoja, kitenge kipya, akashika koti la kahawia.

"Mwanangu, hii koti iko ngapi?"

"Dola 15, mama."

"Pamoja na mzungu wake ndani? Nikupatie 4."

Akaligeuza nje ndani. Akalinusa. Akavuta mishono, akaliinua kwenye jua. "Na inakosa kifungo hapa mbele. Punguza."

Nikashuka mpaka 12. Yeye akawa anapanda faranga 500 kwa faranga 500, kama mtu anayepandisha mlima wa Kadutu na gunia kichwani. Nusu saa, tuko kwenye dola 6. Jirani yangu muuza viatu, papa wa viatu, alikuwa ameacha kazi anatusikiliza. (Yeye mezani anaweka mguu mmoja mmoja, wa pili kauficha: mwizi ataenda wapi na kiatu cha kushoto?)

Mwishowe mama akalivaa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akafunga zipu, akafungua, mkono ukarudi humo na kukaa. Uso ukalainika.

"Sawa. Nakupa 12 yako."

Mtu aliyenitoa jasho kwa faranga 500 anakubali hivi hivi? Huyu ameshika kitu. Kitu cha kijani.

"Samahani mama," nikasema, huku namvua koti, "hii kumbe ina mwenyewe. Nilisahau."

Akanitazama kwa muda. "Basi ongea na mwenyewe. Mimi naenda kubadilisha pesa, nitarudi."

Hajapita hata kona, nimezama mfukoni. Hakuna kitu. Lakini chini, ndani ya bitana, kitu kinachakarika! Nikachukua wembe. Nilipasua mfuko, nikapasua bitana kutoka kwapani mpaka chini, mikono inanitetemeka, kichwani nimeshanunua pikipiki.

Zikatoka kifungo kimoja na karatasi imekunjwa. Papa wa viatu, ambaye amesoma, akaivalia miwani. "Ni risiti," akasema. "Walinunua mkate." Akaisoma tena kwa heshima. "Na hakuna aliyepunguziwa."

Nikasikia nyuma yangu: "Mwanangu, mwenyewe amekubali?"

Mama, na dola 12 mkononi, noti safi, hazina hata mpasuko wa sindano. Tena anacheka. "Leo usiku napanda bato, ile meli ya Goma. Mule ndani wanachomoa pesa watu wakisinzia. Nimezunguka soko lote natafuta koti yenye mfuko wa ndani na zipu."

Akalichukua, akaingiza mkono kwenye mfuko. Vidole vikatokea chini, karibu na goti. Akavichezesha.

"Panya, mama," nikasema.

"Panya wa Kadutu siku hizi wananyoa?"

Wembe ulikuwa bado mkononi mwangu.

Akazirudisha zile noti kwenye kitenge moja moja, akabakiza tatu. "Dola 3. Bitana nitashona mwenyewe." Nikasema 5. Akageuka kuondoka, nikamwita kabla hajamaliza hatua ya pili.

Alipokwisha kulikunja koti akanyoosha kiganja. "Na matabishi yangu, ile nyongeza ya mnunuzi?"

Sikuwa na kitu kingine karibu. Nikampa kile kifungo.

Akakilinganisha na vile vingine vya mbele. Rangi ile ile, matundu manne. "Ah! Kumbe ulikuwa nacho," akasema. "Na ulikuwa unanibishia bei!"