Jino langu lilivyozunguka darasa zima bila mimi

Najua mmeshaisikia habari ya jino langu darasani. Kuna mwenzangu hapa hosteli, jina nalimeza, ameirusha kwenye magrupu yote tuliyomo na mengine ambayo sijui hata aliingiaje. Kwa habari yake, mimi nililia na yeye akaniokoa. Naomba na mimi nisikilizwe, maana huyo mwokozi wenu wakati wa tukio alikuwa amekaa sakafuni, miguu kainyoosha kama mtoto wa chekechea.

Kwa wageni: nasomea kutengeneza meno ya bandia. Sio udaktari. Hatung'oi, hatuzibi, hatumchomi mtu sindano. Daktari anachukua kipimo mdomoni, yaani alama ya meno na ufizi, kipimo kinaletwa maabara, sisi tunamimina plasta tunapata umbo la mdomo wa mtu, tunapanga meno kwenye nta, nta inapisha akriliki, ile plastiki ngumu, mtu anarudi kutafuna. Shangazi zangu wote wananiita dokta na nimeshaacha kubishana nao. Mwaka wa kwanza tulichonga magego kwenye sabuni za mche hadi nikawa nikifua nguo naona dhambi. Sasa tumefika kwenye vipimo, na ili ukijue kipimo kibovu kikikufikia mezani, inabidi na wewe ukae kwenye kiti, utiwe trei mdomoni. Kwa hiyo tunapimana wenyewe kwa wenyewe.

Hapo ndipo tatizo, kwa sababu mimi nina siri. Nilikuwa nayo.

Jino langu la mbele, juu, kushoto, ni la bandia. Limekaa kwenye kibamba cha waridi kinachobana kaakaani, na waya mbili zinashika magego. Hakuna aliyejua. Yule mwenzangu nalala naye chumba kimoja na hakujua. Tumefundishwa kwamba meno ya bandia yanavuliwa usiku, yanalazwa kwenye maji, ufizi upumzike. Niliandika hilo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa, kisha nikaenda kulala nalo. Kulisafisha ni bafuni, komeo limefungwa, bomba limefunguliwa kwa kelele.

Mtauliza ilikuwaje watu wanaosomea meno wasilione. Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai, Arumeru. Maji yetu yanashuka Mlima Meru na floraidi yake, na ni nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu maji ya mto yanapita hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, yanaota na rangi ya kahawia, mengine na mabaka kama ya chokaa. Nikicheka tu hapa Dar, konda wa daladala ananiambia, "Arusha hiyo." Sasa nani atamshuku mtu mwenye jino la kahawia kwamba kalinunua? Anayenunua jino hununua jeupe!

Fundi wangu wa Usa River, huko huko Arumeru, ndiye aliyeona mbali. Alinitoa nje barazani, akaniambia cheka, akanishika kidevu kukielekeza juani, akayatazama meno yaliyo jirani na pengo kwa muda mrefu sana. Niliporudi kulichukua, jino lilikuwa na mstari wake wa kahawia unaopita katikati, umefifia chini, na kidoa cheupe pembeni. Pacha wa mwenzake. Mama mwenyewe ilibidi aninyooshee kidole, "Ni lipi vile?"

Lilitokaje la kwanza? Kwa kauli rasmi, nilipigwa kiwiko kwenye mpira wa shule. Ukweli (na hili yule msema hovyo kaliongeza kwenye habari yake, maana nilimwambia usiku wa siku ya tukio nikidhani namwambia rafiki) ni kwamba ilikuwa kreti ya soda za kipaimara cha dada yangu, nyuma ya banda la ng'ombe, opena hakuna. Msiniulize zaidi.

Basi. Siku yenyewe Madam kasimama mbele, kavaa glavu, anasema taratibu kama tangazo la ndege, "Kabla hatujaanza, mwenye jino la bandia au kitu chochote kinachovulika mdomoni, avue sasa."

Darasa zima kicheko. Nani awe na jino la bandia, watu tuna miaka ishirini na? Nilicheka kuliko wote. Nilipiga hadi meza.

Aljineti, ile ya kuchukulia kipimo, kwa msiojua, ni unga unaoukoroga na maji kwenye bakuli la mpira hadi uwe laini kama uji wa mgonjwa, unajaza trei, unaibana mdomoni, inaganda kama mpira. Ya kwetu ina vituko vya rangi: ukikoroga ni zambarau, inageuka waridi, ikiwa nyeupe iko tayari kuingia mdomoni. Maji ya baridi yanaichelewesha kuganda, ya moto yanaiharakisha. Madam alikuwa ameweka jagi la maji ya friji. Mwenzangu hakuliona jagi. Alikwenda kukinga bombani, maji yanayotoka kwenye tanki la juu ya paa, saa saba mchana, Dar es Salaam. Mnaelewa.

Akaingiza trei. Nikainamisha kichwa mbele, nikapumua kwa pua, udenda unanitoka kama tulivyoahidiwa. Ladha ya minti. Nikahisi inaganda kwa haraka isiyo ya kawaida, na nikahisi kitu kingine: ile minti imeingia chini ya zile waya mbili. Imezikumbatia.

Nikaanza kutikisa mkono. Yeye akadhani nataka kutapika. Akaniambia, "Tulia kaka, pumua." Nikatikisa mikono miwili. Akasema, "Bado kidogo." Nikamshika mkono. Akasema kwa sauti ya daktari bingwa, "Madam kasema inatolewa kwa pigo moja, bila kuyumbisha."

Na kweli ndivyo inavyotolewa. Ukiyumbisha, kipimo kinapinda. Kanuni aliifuata kwa asilimia mia.

POP.

Jamani, mlio ule. Kama chupa ya... haya, tuendelee. Kwanza upepo ukaingia. Upepo wa feni ukapita palipokuwa na jino na kugonga kaakaa ambalo halijaona hewa mbele za watu tangu Usa River. Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye pengo kuhakikisha. Pengo lilikuwepo. Nikainua macho. Mwenzangu ameigeuza trei aitazame kazi yake, na usoni alikuwa na lile tabasamu la mtu anayesubiri sifa.

Fikirieni anachokiona. Ndani ya aljineti nyeupe kuna jino. Nyuma ya jino kuna kitu cha waridi, kinang'aa, kimelowa, upana wa kaakaa zima. Akaitazama trei. Akautazama mdomo wangu. Akaitazama tena trei. Nikaona rangi inamtoka taratibu kuanzia kwenye paji, inashuka.

"Madam," akasema kwa sauti ndogo sana. Kisha kwa sauti ambayo nasikia hadi mlinzi wa getini aliinuka: "MADAM! NIMENG'OA JINO! NA NYAMA YAKE! NIMEMNG'OA NA NYAMA!"

Magoti yakamwisha. Hapo ndipo alipokaa chini. Trei hakuidondosha, hilo nampa.

Watu wakatukimbilia. Dada mmoja akaanza kusali. Mimi nimeziba mdomo kwa aproni, natakiwa kutoa maelezo, na sijui kama mmewahi kujaribu kutoa maelezo bila jino la juu la kati. Herufi ya S haipo. Imeondoka na jino.

"Thijang'olewa," nikasema. "Ni la bandia. Thamahani, Madam. Thamahanini thana."

Kimya. Halafu darasa likapasuka. Kuna mtu alitoka nje akacheka huko korido, akarudi, akatoka tena.

Nilitegemea Madam anifokee tuishe. Sivyo. Alilichomoa jino kwenye aljineti, akalisafisha, akaliweka chini ya taa, na uso wake ukabadilika. Akavaa miwani. "Hebu njooni," akasema. "Njooni muone kazi."

Wakaenda wote. Nilibaki na yule wa sakafuni.

"Oneni alivyouchora huu mstari. Hakupaka rangi juu tu, unaona? Umefifia kuelekea ukingoni. Na hiki kidoa! Mtu kafuata floraidi ya jino la jirani!" Akaliweka kwenye bakuli la mpira, likaanza kupita meza kwa meza. Watu wanaligeuza kwa kibanio. Wanapiga picha. Mmoja akasema waya ya kushoto imekaza mno, wakajadiliana kuhusu waya yangu. Mwingine akauliza mbona akriliki imechakaa hivi, Madam akajibu bila hata kunitazama, "Huyu analala nalo," na wakaandika. Jino langu linasafiri darasani kama sahani ya sadaka, mimi niko kwenye kiti, nafuta udenda.

Kisha swali, mbele ya wote: "Fundi wake ni wa wapi?"

Ningeweza kusema Arusha. Hata Arusha ina S. Arumeru, haina! Arumeru ingenitoa salama kabisa. Lakini akili ilishahama, nikajibu kwa heshima zote:

"Utha Riva."

Yaliyofuata mnayajua. Sasa naitwa Ishirini na Moja, maana ndiyo namba ya jino hilo kwenye hesabu za meno. Modeli ya mdomo wangu iko kabatini. Madam ameomba kuliazima jino kwa darasa la mwaka wa pili, na mimi nikakubali, kwa hiyo siku hiyo msinipigie simu. Mwenzangu amepata alama nzuri, kipimo chake hakikupinda popote. Nusu ya darasa wanataka namba ya fundi.

Kilichoniuma ni jana jioni. Habari imefika hadi kwenye grupu la ukoo, na ile sehemu ya nyuma ya banda la ng'ombe ikiwemo. Mama akapiga. Nikajiandaa kwa pole.

"Baba," akasema, "kwa hiyo ile kreti ya kipaimara iliyopungua, ambayo mtoto wa mjomba wako alichapwa..."

Mtandao ukakatika, Mama. Ulikatika wenyewe.