Nyasi za Mbuga Mbele ya Nyumba

Mwishoni mwa Oktoba, katika vitongoji vya Chicago, jimbo la Illinois, Marekani, ukoka wa mbele ya nyumba bado ni wa kijani na umekatwa sawasawa kama zulia. Lakini pale ambapo mwenye nyumba amepanda Schizachyrium scoparium, nyasi ya asili ya mbuga za huko, rangi ni nyingine kabisa: mashina membamba yaliyokuwa na ubuluu wakati wa kiangazi yamegeuka rangi ya shaba iliyochanganyika na zambarau, na vinyweleo vyeupe vya mbegu zake hunasa jua la jioni hata shada zima likaonekana limewashwa kwa ndani. Wapo wapitao njia wanaosimama kuzitazama nyasi hizo, na wapo wanaouliza kwa nini mwenye nyumba hafyeki. Mimi ni miongoni mwa wanaozipenda na nimezipanda, lakini naona kwamba baadhi ya hoja tunazozitoa kuzitetea hazisimami, na kwamba wanaozipinga hawasikilizwi inavyostahili.

Hoja ya kwanza ni ya historia. Mbuga za nyasi ndefu zilifunika takriban ekari milioni 170 za Amerika ya Kaskazini, na leo imebaki chini ya asilimia 4, sehemu kubwa ikiwa kwenye vilima vya Flint Hills katika jimbo la Kansas, ambako mawe yaliikataa plau. Illinois, ambayo bado hujiita Jimbo la Mbuga, ilikuwa na ekari zipatazo milioni 22, na zilizobaki katika hali njema ni kama 2,500 tu. Mwaka 1837 John Deere alitengeneza plau ya feleji huko Grand Detour, ambayo haikugandwa na ule udongo mweusi wenye kunata, na tangu hapo ardhi iliyojengwa na mizizi ya nyasi kwa maelfu ya miaka ikawa mashamba ya mahindi na soya. Ndiyo maana anayepanda nyasi hizi nyumbani husema kwamba anarudisha kilichong'olewa. Usemi huo unanigusa sana, ila ni mkubwa kuliko tendo lenyewe. Mbuga ni mamia ya aina za mimea, ni moto, ni malisho ya baisani, nyati wa Amerika. Curtis Prairie ya Madison, katika jimbo la Wisconsin, ilianza kurejeshwa mwaka 1935, na hadi leo wataalamu huichoma moto kwa mpango na kupambana na magugu. Mashada kumi kando ya njia ya kuingilia nyumbani ni bustani, na hakuna ubaya wowote kuyaita hivyo.

Faida za bustani hiyo, hata hivyo, ni za kweli. Mizizi ya Andropogon gerardii, nyasi nyingine ya mbuga, huweza kushuka mita mbili na zaidi, ilhali ile ya Poa pratensis, nyasi ya ukoka ambayo Wamarekani huiita kwa jina la Kentucky ingawa ilitoka Ulaya, sehemu kubwa huishia sentimita chache chini ya uso wa udongo. Matokeo yake ni kwamba maji ya mvua huzama badala ya kukimbilia barabarani, na kiangazi kikiwa kikali nyasi za mbuga hubaki hai bila kumwagiliwa. Viwavi wa baadhi ya vipepeo wadogo hula majani yake, na ndege hula mbegu zake wakati wa theluji. Lakini nyasi huchavushwa na upepo. Hazina nekta ya kumpa nyuki. Anayezipanda peke yake akiamini kwamba amewasaidia nyuki amejidanganya, na itambidi achanganye na maua ya mbugani kama Echinacea na Asclepias.

Jambo linalowavunja moyo wengi ni udongo. Sisi tuliokulia mashambani tumefundishwa kwamba mmea ukipewa samadi na maji hushukuru. Msimu wangu wa kwanza niliiwekea miche mboji ya kutosha na kuimwagilia kila jioni, kama ambavyo ningeyahudumia mahindi. Kufikia Agosti mashina yalikuwa marefu, laini na yamelala njiani, kiasi kwamba mbeba barua alilazimika kupita juu yake. Schizachyrium hutaka udongo mkavu, usio na rutuba nyingi, na jua la kutwa. Kuhudumiwa mno ndiko kunakoiangusha. Upo pia ukubwa wa kuangalia. Andropogon huzidi mita mbili, na Panicum virgatum, nayo nyasi ya mbuga, hujipanda yenyewe kwa mbegu mpaka ikawabana jirani zake. Kwa kiwanja kidogo mimi ningechagua Sporobolus heterolepis, ambayo majani yake membamba hujikunja kama chemchemi na maua yake ya Agosti hutoa harufu ambayo wengine huifananisha na bisi, ingawa pua yangu huona giligilani. Kasoro yake ni kwamba huchukua miaka kadhaa kufikia umbo lake, na asiye na subira ataing'oa kabla ya wakati.

Mjadala mkali zaidi ni wa aina zilizoteuliwa na kuuzwa vitaluni kwa majina ya biashara. Mfano mzuri ni Panicum iitwayo 'Northwind', iliyoteuliwa na mkuzaji mimea Roy Diblik na kupewa heshima ya mmea wa mwaka 2014 na chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha Marekani. Husimama wima kama mlingoti. Wanaoipinga wanasema kwamba miche ya namna hii huzalishwa kwa kugawa shina moja, hivyo yote ni mamoja kinasaba, na chavua yake huweza kuchanganyika na ya nyasi za porini. Wanaoitetea wanasema kwamba unadhifu wake ndio unaomfanya jirani akubali. Kwangu mimi jibu linategemea mahali. Anayeishi kando ya mabaki ya mbuga atafute mbegu za eneo lake, lakini katikati ya mji, ambako mabaki hayo yako mbali, sioni dhambi ya 'Northwind'. Lurie Garden, bustani ya umma ya Chicago iliyofunguliwa mwaka 2004 juu ya maegesho ya magari na kupangwa mimea yake na Piet Oudolf, mbunifu wa bustani wa Uholanzi, imechanganya za asili na za kigeni, na uzuri wake haujapungua.

Sasa niwasikilize wanaopinga. Miji mingi ya Marekani ina sheria ndogo za urefu wa majani, na vyama vya wamiliki wa nyumba huongeza za kwao. Jimbo la Maryland lilipitisha mwaka 2021 sheria inayovizuia vyama hivyo kukataza bustani za namna hii, hatua ninayoiunga mkono. Lakini hofu ya moto si jambo la kuondolewa kwa sheria. Tarehe 30 Desemba 2021, katika kaunti ya Boulder, Colorado, moto uliosukumwa na upepo ulipita kwenye nyasi kavu na kuteketeza zaidi ya nyumba 1,000. Mashina makavu yanayopendeza wakati wa baridi ni kuni, na katika maeneo makavu hayafai kugusana na ukuta wa mbao.

Hata hivyo, hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuchagua za asili naiona Hawaii, na inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Pennisetum setaceum, nyasi ya Afrika iliyopelekwa huko kuwa pambo, imetapakaa kwenye miamba ya volkano. Megathyrsus maximus, ambayo kwetu ni lishe ya kawaida ya ng'ombe, ilipelekwa kama malisho, na ilikuwa miongoni mwa nyasi zilizoubeba moto ulioangamiza Lahaina mnamo Agosti 2023 na kuua watu wapatao 100. Nyumbani nyasi hizo zina walaji wa kutosha, ugenini hazina. Kwa sababu hiyo msomaji wa Arusha au Nakuru anayevutiwa na picha za bustani za Illinois asiagize mbegu za huko. Anayo Themeda triandra, ambayo wekundu wake unajulikana kwa kila aliyevuka Serengeti mvua zikiisha, lakini ambayo mbele ya nyumba za mjini sijawahi kuiona imepandwa.