Upendo Usio na Masharti na Mzigo wa Aliyeumizwa

Kiswahili kina methali mbili ambazo hazikai pamoja kwa amani. Moja inatuambia tutende wema tuende zetu, bila kungoja shukrani. Nyingine inasema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Ya kwanza inautoa wema bila kuuliza ni nani anayeupokea, na ya pili inaugeuza kuwa deni linalolipwa kwa kadiri lilivyokopwa. Mjadala wa upendo usio na masharti kwa watu wote umo ndani ya ugomvi huo.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Kwa kitenzi kimoja tunasema kwamba tunampenda mama, tunapenda muziki na tunapaswa kumpenda adui. Anayeambiwa ampende mtu aliyemdhulumu husikia kwamba anatakiwa amfurahie na atamani kuwa karibu naye, na ana haki ya kukataa. Mwaka 1785 mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant aliligusa tatizo hili: upendo kama hisia hauwezi kuamrishwa, lakini kumtendea mwenzako mema, hata pale moyo usipomtaka, kunaweza kuwa wajibu. Ufafanuzi huo unasaidia sana, ingawa una gharama yake, kwa kuwa mtu anayetendewa wema kwa wajibu mtupu mara nyingi huutambua ubaridi wake.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, halihusu maadui bali jamaa. Nchini China, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Mo Di alifundisha kwamba mtu azijali familia na nchi za wengine kama anavyozijali zake. Mencius, mwanafalsafa mwingine wa huko aliyekuja baadaye, alimjibu kwa ukali kwamba anayewapenda wote bila kubagua ni kama anayemkana baba yake. Mwaka 1930 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza nafsi ya binadamu, aliandika jambo linalokaribiana na hilo: upendo usiochagua hupoteza thamani yake na kuwadhulumu wa karibu, ambao waliupokea kama alama ya kwamba wao si sawa na mgeni yeyote. Hoja hii haipuuziki. Mtoto akizama majini pamoja na mtu asiyejulikana, mzazi anayesita ili apime usawa wao hatumwoni kuwa mtakatifu. Tunaona kuna kitu kimepungua ndani yake.

Lakini Mo Di naye alikuwa na swali linalochoma. Ukilazimika kwenda safari ya hatari na kumwachia mtu familia yako, utamchagua yule anayewajali walio wake tu, au yule anayewajali wa wenzake kama wake? Wengi wetu tunausifu upendeleo tunapoutoa, kisha tunautamani upendo usiobagua siku tunapokuwa wahitaji. Hata hivyo, swali hilo halithibitishi kwamba upendo lazima ulingane kwa watu wote. Linaonyesha tu kwamba haupaswi kuishia mlangoni kwetu, na hapo ndipo watetezi na wapinzani hupishana bila kusikilizana, kwa sababu kutokuwa na masharti si sawa na kutokuwa na tofauti. Mzazi anaweza kumkimbilia mwanawe kwanza, kisha akarudi majini kwa ajili ya yule mwingine bila kumuuliza ni nani wala alifanya nini.

Linabaki suala la haki, ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za Wamarekani weusi na ambaye nyumba yake ilitupiwa bomu Januari 1956, alihubiri mwaka uliofuata juu ya kuwapenda adui, akieleza kwamba kumpenda mtu si lazima kumfurahia. Inafaa kukumbuka mazingira ya mahubiri hayo. Yeye na wenzake walikuwa wametoka kususia mabasi ya mji wa Montgomery, Marekani, kwa siku 381 wakipinga ubaguzi wa rangi, na upendo huo haukuwazuia kuitia hasara kampuni ya mabasi wala kwenda mahakamani. Kwa hiyo anayedai kwamba upendo usio na masharti ni kumwachia mkosaji aendelee anachanganya mambo mawili, yaani kumtakia mtu mema na kumwondolea matokeo ya matendo yake. Kumwamini mtu kunaweza kuwa na masharti, na ukaribu pia, huku nia njema ikibaki bila sharti.

Hata baada ya kutenganisha hivyo, bado nina wasiwasi mmoja, nao ni kuhusu anayeisema amri hii ya kumpenda adui na anayeambiwa. Mtu akijiambia mwenyewe kwamba atampenda aliyemuumiza, anatumia uhuru ambao dhuluma haikuweza kumnyang'anya. Sentensi ile ile ikitoka kwa aliyeumiza, au kwa jamaa wanaotaka aibu ifunikwe upesi, inakuwa pigo la pili, na kwa bahati mbaya hutumika hivyo mara nyingi. Mwanamke aliyepigwa anaweza kumtakia aliyempiga aponywe hasira zake, ahukumiwe, na asirudi tena nyumbani, yote kwa pamoja na bila unafiki. Na kama kwa leo hawezi kumtakia lolote zaidi ya hukumu, sioni ni nani kati yetu tuliosimama pembeni mwenye haki ya kumdai zaidi.